Nilicheka Nilipouziwa Mifupa ya Banda

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na minne. Ni mkulima na mrina asali wa Kwihara, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Tabora mjini. Nina mke mmoja na watoto watano, na kusoma na kuandika nilifundishwa na wamisionari Wamoraviani. Nayasema haya mapema ili msije mkadhani kuwa aliyenaswa ni mtu asiyejua hata kushika kalamu. Karatasi iliyoniponza niliisoma mwenyewe... kwa sauti... mbele ya watu!

Nawaandikia nikiwa ndani ya nyumba ya chuma, saa saba mchana, jasho likinidondoka juu ya karatasi hii. Nyumba hii niliitamani mno. Leo siwezi kuiuza, siwezi kuibomoa, wala siwezi kukaa ndani yake kwa raha. Wapita njia husimama wakaitazama, wakasema Andrea amefanikiwa. Mimi nawasikia humu ndani.

Mambo yalianza baba yangu alipofariki.

Baba alituachia tembe. Lilikuwa tembe kubwa la udongo, la paa bapa, lililokaa ubavuni mwa ile njia ya zamani waliyopita wapagazi na meno yao ya tembo kwenda pwani. Alilijenga mwaka aliomwoa mama. Ndimo tulimozaliwa sote, mimi na dada yangu Maria, na ndimo mama alimotaka kufia. Alikuwa akilisema jambo hilo waziwazi, bila huzuni yoyote, kama mtu anayetaja kitanda chake.

Siku ya mazishi ya baba ndipo nilipomwona Kondo kwa mara ya kwanza.

Kondo alikuwa Mzaramo aliyepanga chumba Ng'ambo, pale Tabora. Sasa, msomaji, wewe unajua kwamba sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani hana mwaliko msibani. Huja mwenyewe, akatukana, akanyang'anya, akachekesha, na hakuna wa kumkasirikia. Kondo alifika, akajilaza mbele ya wachimba kaburi, akasema hatoki mpaka apewe kuku, maana marehemu alikuwa na deni lake la ubahili! Kisha akainuka akaigiza mwendo wa baba na fimbo yake, mguu ule wa kushoto unaoburuta kidogo, na kikohozi chake cha kujifanya mzee kabla hajazeeka.

Watu walicheka huku wakilia. Mama yangu, ambaye kwa siku mbili hakuwa amefungua kinywa, alicheka mpaka akashika mbavu. Nikampenda mtu yule papo hapo! Ningeachaje kumpenda? Alimchekesha mama yangu siku aliyomzika mumewe.

Toka siku hiyo Kondo akawa mtu wa nyumbani. Akipita Kwihara hakosi kuingia. Huchukua muhindi jikoni bila kuomba, humwita mama "mke wangu mdogo," nami huniita "mlinzi wa nyuki." Tulizoea. Hata siku asipotutukana tuliona kuna kitu kimepungua.

Kazi yake hasa hatukuijua mpaka alipokuja na bahasha.

Ndani ya bahasha mlikuwa na picha ya banda la chuma. Banda refu, milango miwili, madirisha, mabati yanayong'aa, na Mzungu amesimama mlangoni ameshika kiuno. Kondo alisema yeye sasa ni wakala wa mabanda hayo. Kule Urambo, alisema, mashamba ya karanga ya Wazungu yamefungwa, na majengo yao ya chuma yanauzwa. Kama alisema kweli au alidanganya, mpaka leo sijui. Alisema banda hili alikwisha kuliagiza tajiri mmoja, akatoa malipo ya kwanza, kisha akashindwa kumaliza. Sasa limebaki bila mwenyewe, ndiyo maana linakwenda kwa nusu ya bei.

"Nusu ya bei, mtani! Lakini Alhamisi ikifika halina mtu, litapanda treni kurudi Urambo. Kuna Mhindi analisubiri pale stesheni mate yakimtoka," aliniambia.

Ilikuwa Jumatatu. Yaani nilipewa siku tatu za kufikiri jambo la maisha yangu yote!

Halafu akanong'ona kitu kingine. Akasema angeweza kunipunguzia zaidi ya hapo iwapo banda langu litakuwa la mfano. Lisimame pale pale kando ya njia, kila mpita njia alione, aulize, kisha aelekezwe kwa Kondo. Watu wangesema, twendeni tukaone banda la Andrea! Na mimi... mimi nilikuwa na kichwa chepesi cha kuvimba. Nilijiona nimesimama mlangoni kama yule Mzungu wa pichani.

Isitoshe, sababu nilikuwa nazo. Mchwa walikuwa wamekula nguzo za tembe upande mmoja. Nta yangu na asali vilikosa mahali pazuri pa kukaa. Nilipanga nusu ya banda iwe ghala, nusu tulale. Katika nusu ya kulala nilimkusudia mama chumba kikubwa, chenye dirisha.

Tukaandikiana siku ya Jumanne, uani kwetu. Walikuwepo majirani wanne, mke wangu Agnesi, na mama. Kondo akanipa karatasi niisome kwa sauti, na kwa majivuno nikaisoma. Iliandikwa: kiunzi cha chuma cha banda, nguzo kumi na mbili, kenchi sita za kubebea paa, pamoja na boliti zake. Na chini: fedha iliyokwisha kupokelewa hairudishwi.

Nilipofika kwenye neno kiunzi nilisita kidogo. Kondo aliniona. Wala hakunificha kitu! Aliruka katikati ya ua, akapiga makofi, akapaza sauti.

"Mnasikia, enyi Wanyamwezi? Mtani wenu namuuzia mifupa mitupu! Nyama atatafuta mwenyewe, huko porini kwa nyuki wake! Msije mkasema sikusema!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Mimi nikamjibu kuwa sawa, na yeye nitamlipa kwa nazi zilizooza, kama wanazokula kwao. Tukacheka tena mpaka machozi. Nikatia sahihi huku bado nacheka...

Ee Mungu wangu! Mtu alisimama mbele yangu, akaniambia ukweli mtupu mchana kweupe, nami nikaupokea kama utani! Angeniambia kwa uso mkavu, ningeuliza maswali. Lakini mtani anaposema atakuvua nguo, nani humshika mkono? Kwetu huo ni upendo.

Nilimlipa kwa nta ya misimu miwili na ng'ombe watatu. Yaliyobaki ni kusafisha kiwanja. Na kiwanja chenyewe, cha kando ya njia, ndicho kilichokaliwa na tembe la baba.

Mama aliniita jikoni. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono ameiweka mapajani.

"Mwanawane, baba yako hajamaliza hata mavuno mawili ardhini. Jenga hilo banda lako. Mimi niachie chumba changu kimoja tu. Nikifa, bomoa na hicho."

Je, ni ombi kubwa hilo? Chumba kimoja! Nikamjibu kwamba banda la mfano halikai na tembe bovu ubavuni, watu watacheka. Maneno hayo hayakuwa yangu. Yalikuwa ya Kondo, alinipa asubuhi ile, nami nikamtapikia mama yangu mzazi.

Mama hakubishana. Siku ya kubomoa aliingia akachukua mafiga yake matatu, moja moja, akayabeba mwenyewe hadi chini ya mti wa jirani. Alikataa kusaidiwa. Majirani walikuja na majembe, Agnesi akawapikia togwa, na kwa siku mbili kazi ya mikono ya baba yangu ikawa lundo la udongo.

Jumamosi lori likaja. Nauli yake, nikaambiwa, haikuwamo katika bei. Nikalipa nikiona ni jambo dogo. Wakashusha nguzo kumi na mbili. Wakashusha kenchi sita. Wakashusha gunia la boliti. Kisha dereva akapanda, akawasha injini.

Nikamuuliza Kondo mabati yako wapi.

"Mtani! Si nilikuambia? Mifupa ni yangu, nyama ni yako!"

Nami, wasomaji... nikacheka! Nikampiga begani, nikacheka. Nikatandika mkeka kando ya zile nguzo, nikakaa kusubiri lori la pili. Nilikaa mpaka jua likageuka, huku nikiwaeleza watu kwamba mabati yanakuja, Mzaramo huyu anapenda mzaha.

Agnesi ndiye aliyenizindua. Alikuja akasimama mbele yangu, amefunga kanga kiunoni.

"Kama ni utani, mbona ng'ombe wetu hawakwenda kwa utani?" aliniuliza.

Nikainuka pale mkekani. Nilikimbilia Tabora kwa miguu, nikamkuta Kondo barazani kwake anacheza bao. Hakukasirika hata kidogo. Akanikaribisha, akaniletea kahawa, akanieleza kwa upole kama mwalimu anavyomweleza mtoto wa darasa la kwanza. Mabati yana bei yake. Milango ina bei yake. Madirisha yana bei yake. Saruji ya kusimamishia nguzo, hiyo si juu yake kabisa. Ukijumlisha vyote, banda la nusu ya bei lilikuwa linapita bei ya banda zima jipya.

Nikamwambia arudishe ng'ombe wangu achukue vyuma vyake. Akaikunjua ile karatasi, akaweka kidole kwenye mstari wa chini. Ule niliousoma kwa sauti.

"Mashahidi si wako?" akaniuliza. "Ni majirani zako wewe, mtani. Waulize kama sikusema."

Nifanye nini? Tembe sina. Banda sina. Ng'ombe sina, nta sina. Vyuma vimelala kando ya njia, watoto wa watu wanavigonga kwa mawe ili visikike. Kila upande niliogeukia nilikuta ukuta, na hata ukuta wa kweli wa kuegemea sikuwa nao!

Mvua za kwanza zilitukuta hivyo. Agnesi na watoto walijibanza jikoni kwa jirani. Mama alipewa kibanda ambacho jirani huyo alikuwa akifugia mbuzi. Walikifagia vizuri, wakatandika majani, lakini harufu ya mbuzi haifagiliki. Mama akaanza kukohoa. Kila asubuhi nilikwenda kumwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mabati yamefika?"

Hakuuliza kwa kejeli. Aliniamini! Aliamini kweli kwamba yanakuja, kwa sababu mimi nilimwambia yanakuja. Ningeweza kustahimili kutukanwa. Lakini swali lile, kila siku, kwa sauti ile ile iliyozidi kukauka... lilinila.

Wiki ya tano, Kondo akaja Kwihara. Alizitazama nguzo, akatikisa kichwa kama aliyefiwa. Akasema moyo unamuuma kumwona mama katika kibanda cha mbuzi. Akasema yuko tayari kunisaidia. Mabati ya banda langu lote, na milango, bila malipo yoyote.

"Niletee mtu mmoja tu. Mtu mwenye ng'ombe. Akitia sahihi, mabati yako yanapanda lori."

Wasomaji, nilijua. Hapa sitaki mnionee huruma. Mara ya kwanza nilidanganyika, mara ya pili nilijua kila kitu. Nilijua mtego ulivyotegwa, kwa kuwa mguu wangu ulikuwa ndani yake. Nilimwomba Kondo siku moja nifikiri, na siku ile sikufikiri lolote ila jina la mtu.

Jina lilikuwa Yohana.

Yohana ni mume wa dada yangu Maria, wanakaa Ntalikwa. Ni mtu mpole, mfanyakazi, mwenye kusema machache. Alikuwa ameanza kulima tumbaku, na alikuwa akitafuta mahali pa kuihifadhi mvua isiipate. Alikuwa na ng'ombe sita. Na zaidi ya yote, alikuwa haniulizi maswali. Mimi ni kaka wa mkewe, mwenye kusoma, mwenye kujuana na watu wa mjini. Nikisema jambo ni zuri, kwake ni zuri.

Nilimpeleka Kondo Ntalikwa mimi mwenyewe. Maria alichinja kuku. Bahasha ikafunguliwa, picha ikatolewa, yule Mzungu bado kashika kiuno. Tajiri aliyeshindwa kumaliza malipo akatajwa tena. Treni ya Alhamisi ikatajwa tena. Yohana aliitazama picha muda mrefu, kisha akanigeukia mimi, si Kondo.

"Shemeji, wewe umelionaje banda lako?"

Nilikuwa na nafasi pale. Neno moja tu lingetosha! Hata kunyamaza kungetosha, maana Yohana si mtu wa pupa, angeahirisha. Lakini nilimwona mama anakohoa juu ya majani. Nikamwambia ni zuri, shemeji, imebaki tu mabati kufika.

Karatasi ikasomwa. Kiunzi, nguzo, kenchi, boliti. Kondo akaruka katikati ya ua akapiga makofi, akatangaza kwamba anamuuzia Mnyamwezi mwingine mifupa mitupu, nyama atafute mwenyewe. Watu wakacheka.

Na mimi nilicheka. Nilicheka kuliko wote, ili wengine wasiache kucheka.

Yohana aliposhushiwa vyuma, alisubiri mabati siku tatu. Siku ya nne akaenda kushtaki kwenye baraza la mwanangwa, yule mkuu anayetuamulia kwa niaba ya mtemi. Aliniita niwe shahidi wake. Alikuja mwenyewe mpaka Kwihara kuniomba, akaona nguzo zangu zimelala majanini zikianza kutu. Akaniwekea mkono begani, akasema pole, shemeji, kumbe tumeonewa wote wawili. Twende tukaseme pamoja.

Nikamwambia nitakuja.

Asubuhi ya baraza, kabla sijatoka, Kondo alinipitia. Alisema mabati yangu yako stesheni, yamefungwa kwa waya, yana jina langu. Alisema hataki niseme uongo hata kidogo. Anachotaka ni nijibu tu nitakachoulizwa, basi.

Watu walikuwa wengi barazani. Yohana alieleza kwa sauti yake ndogo. Alisema alionyeshwa picha ya banda zima, na moyo wake ulinunua banda zima. Kondo akasimama, akakiri yote, akacheka kidogo, akasema yeye alitamka mbele ya watu kuwa anauza mifupa mitupu. Je, mwuzaji anayetangaza kasoro ya mali yake kwa sauti kubwa ni mwizi? Waulizwe waliokuwepo.

Mwanangwa akanigeukia.

"Wewe Andrea, ni shahidi wa Yohana, na ni shemeji yake. Mtu huyu alisema au hakusema?"

"Alisema, mwanangwa."

"Alisemaje?"

"Alisema anauza mifupa mitupu, nyama atafute mwenyewe."

"Nanyi mkafanya nini?"

"Tulicheka."

Basi. Hakuna neno hata moja la uongo nililosema siku ile! Kila nililoulizwa nililijibu sawasawa. Lakini swali moja hawakuniuliza. Hawakuniuliza kama mimi nilijua. Nilisimama pale nikilisubiri swali hilo, na nikiomba lisije, na halikuja. Ningeweza kulijibu bila kuulizwa. Mdomo nilikuwa nao. Nikarudi kukaa.

Wazee wa baraza walinong'onezana, wakaamua kwamba Yohana aliambiwa mapema mbele ya mashahidi, akakubali, hana madai. Yohana hakunitazama kwa hasira. Aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipokiweka kitu chake. Kisha akachukua kofia yake akaondoka.

Kondo alitimiza ahadi. Ndiyo, wasomaji, mabati yalikuja! Siku mbili baadaye lori lilishusha mabati, milango miwili na madirisha. Yeye mwenyewe akahama Tabora wiki ile ile, na sijamwona tena. Mafundi wakasimamisha nguzo, wakafunga kenchi, wakapigilia bati. Banda likawa kama lile la pichani. Nikakipaka chokaa chumba cha mama, nikamwekea kitanda karibu na dirisha.

Nilipokwenda kumchukua kwenye kibanda cha mbuzi, nilimkuta Maria. Alikuwa amemwambia yote. Yeye hakuwa mjinga, dada yangu. Alipoona lori linapita na mabati siku mbili baada ya kesi, alijumlisha mwenyewe.

Mama alikuwa amekwisha kufunga vitu vyake.

"Yaliyo juu ya kichwa chako ni ng'ombe wa Yohana," aliniambia. "Mimi siwezi kulala chini ya ng'ombe wa mkwe wangu."

Nilipiga magoti, nikamwambia nilifanya vile kwa ajili yake. Kwa kikohozi chake! Akanijibu kwamba yeye aliomba chumba kimoja cha udongo, na chumba hicho alikuwa nacho. Akashika mkono wa Maria, wakaanza njia ya Ntalikwa, polepole, akisimama kila baada ya hatua chache kukohoa. Nilitaka kumbeba. Alikataa.

Mnajua anakaa wapi sasa? Yohana alikosa fedha ya mabati. Akasimamisha zile nguzo za chuma, akaziezeka kwa nyasi. Watu wa Ntalikwa wanamtania kwamba amemvika Mzungu kaniki. Humo ndimo anamolala mama yangu, mahali palipokusudiwa tumbaku, na tumbaku ya Yohana iliharibiwa na mvua nje.

Mwezi uliopita nilijikaza nikaenda. Nilibeba asali na debe la mchele. Yohana alinipokea mlangoni, akaniita shemeji kama zamani, akanipa kiti, Maria akaniletea maji ya kunawa. Afadhali wangenipiga! Mama alikuwa ameketi ndani, macho yake hayaoni vizuri tena. Nilimwamkia. Akaitikia. Kisha akainua uso akatazama nyuma yangu, pale mlangoni, akauliza.

"Leo umemleta nani?"

Nilimwambia nimekuja peke yangu, mama.  Aliendelea kutazama mlangoni, akisubiri mgeni wangu aingie.

Wasomaji wenzangu, mabanda ya chuma yanauzwa kila mahali siku hizi, na si kila auzaye ni mwizi. Lakini nawasihi... picha si banda! Mwambie mwuzaji ataje kila kilichomo ndani ya bei na kila kisichomo, bati kwa bati, mlango kwa mlango, hadi nauli na saruji, na aandike. Neno usilolielewa kwenye karatasi, simamisha shughuli, hata kama watu wote wanacheka. Mwambie utani tutafanya kesho, leo tunanunua. Akikuambia treni ya Alhamisi, iache treni iende. Akikuambia banda lako litakuwa la mfano, jua anatafuta chambo. Nenda kwanza ukalione lililosimama, ukaongee na mwenyewe pembeni. Na paa unalolalia leo usilibomoe kwa ajili ya paa lililo kwenye bahasha.

Hayo ni kwa ambaye bado hajanaswa. Lakini wewe uliyekwisha kunaswa, ambaye leo umekaa kama nilivyokaa mimi, vyuma vimelala nje na mvua inakuja... wewe ndiye ninayekuandikia hasa. Atakujia mtu kukuambia mlango wa kutokea upo, mlete mwenzako tu. Kataa! Lala na mama yako kwenye kibanda cha mbuzi. Kohoeni pamoja. Mimi nilitoka kwa mlango huo, na humu nilimotokea mama hamna.